Spana T namba 8: kwa kava ya injini ya Boxer iko poa sana
Kama una pikipiki ya Boxer na unataka kubadili kava ya upande wa klachi mwenyewe nyumbani, hii spana nunua tu. Shingo ndefu inafika mpaka zile bolti za chini karibu na ekzosi, na mdomo unakamata kichwa chote, hauharibu kona kama spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo). Mwaga oili kwanza, toa kiki na waya wa klachi, afu bolti zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule maana urefu haulingani, ukichanganya unapasua kava mpya. Gasketi weka mpya. Kukaza ni kwa kupishanisha na kwa upole, tredi (nyuzi za matundu ya bolti) za aluminiamu zinakatika upesi. Mshiko tu ndo unateleza mkono ukiwa na oili.