Supu ya sato Kirumba, kwa anayetoka zamu ya usiku

Ukishuka Kirumba, hapa Mwanza, fuata njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni hadi uone banda la mabati lenye sufuria mbili kubwa na benchi nje. Bango halina. Waulize bodaboda supu ya sato iko wapi, watakuonyesha.

Sato ni wa asubuhi hiyohiyo: nyama imekaza lakini inaachia mfupa yenyewe. Mama anatia kitunguu, tangawizi, nyanya kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Ndimu unakamua mwenyewe. Bakuli la kichwa au mkia shilingi 4,000, kipande cha katikati 5,000, ndizi za kuchemsha zimo humo humo. Chapati ziache, mara nyingi ni za jana. Chukua mihogo.

Lakini mimi ni nesi, na kilichonifanya niandike ni lile benchi. Usiku wodini kwetu manesi wawili tunaweza kuachiwa wagonjwa zaidi ya arobaini. Huyu dripu imeziba, yule amebadilika hali, ndugu wanaita mlangoni. Mgonjwa akifariki alfajiri, unamwandaa, unaandika ripoti, unarudi kwa jirani yake anayelia maumivu. Kukipambazuka unakabidhi wodi na kwenda nyumbani kulala, na lile jambo hujamwambia mtu. Niliishi hivyo muda mrefu, mpaka nikawa namwita mgonjwa kwa namba ya kitanda, na ndugu akilia sigeuki.

Pale benchini tunakaa wanne, watano. Mama anatupokea kwa "mwangaluka, masista", analeta maji ya kunawa, na yeye hatuulizi ya wodini. Ametutengea meza ya upande wa ziwani, mbali na redio, wala hatufukuzi hata bakuli zetu zikiwa tupu. Tunazungumza usiku ulivyokuwa. Majina ya wagonjwa hayatajwi, huo ni mwiko.

Hapo ndipo dada mmoja aliyenitangulia kazini aliponiambia, "Mdogo wangu, wewe si mvivu, kazi imekuelemea." Akanieleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, yaani orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, liliutaja uchovu huu wa kuelemewa na kazi kuwa ni jambo litokanalo na kazi, si ugonjwa, na kwamba una dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi la maana. Zote nilikuwa nazo. Kwenye semina tulihimizwa tuwe wastahimilivu tu. Mtu anayefanya kazi ya watatu umwongezee ustahimilivu wa nini? Mwongezee mtu. Tuliandika barua kwa matroni palepale mezani, tukaomba nesi wa tatu wa usiku. Tumempata kwa Jumamosi na Jumapili, na siku zilizobaki bado tunaziombea. Supu haiwezi kuziba pengo hilo, na sitaki mwajiri yeyote asome hapa akadhani inaweza. Ila bila ile meza, barua ile isingeandikwa, na mimi nadhani ningekuwa nimeshaacha kazi.

Kasoro zipo. Choo ni cha kulipia na kiko mbali kidogo. Kuanzia saa tatu jua linapiga benchi lote, na upepo ukigeuka harufu ya dagaa inakujia usoni. Jumapili hafungui, siku ambayo wengi wetu tunatoka zamu ngumu. Anaanza kuuza saa moja na nusu; mama, tukuombe uanze saa moja kamili, kuna wanaosinzia wakikusubiri.

Malipo ya simu anapokea. Fika kabla ya saa tatu, baada ya hapo sato wameisha unabaki na sangara. Na kama umekesha, pikipiki yako iache hospitali, uje kwa daladala.