Siku ya wazazi shuleni kwa binti yangu: mwalimu nyota tano, turubai nyota moja

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome aondoke zake: ile robo saa niliyokaa na mwalimu wa darasa ilikuwa na faida kuliko mikutano yote ya shule niliyowahi kuhudhuria, na karibu yote yaliyoizunguka yangemalizwa kwa meseji moja.

Shule ni ya binafsi, ya kufundisha kwa Kiingereza, huku Kihonda, Morogoro. Jina silitaji. Binti yangu bado anasoma pale, na mimi bado nawashonea baadhi ya walimu wake.

Maandalizi safari hii waliyafanya vizuri. Meseji ilikuja wiki moja kabla, na haikuishia kwenye "mzazi unaombwa kufika bila kukosa". Mtoto alirudi na karatasi ya kujaza: nyumbani anasoma saa ngapi, anasomea wapi, nani anamsaidia kazi za nyumbani, analalamikia nini. Ilikuwa fotokopi iliyofifia, mistari imepinda, lakini nimeipenda. Kwenye "nani anamsaidia" niliandika ukweli: dada wa kazi, aliyesoma kwa Kiswahili mpaka la saba. Mimi narudi na vitambaa vya watu, mashine inalia mpaka saa nne usiku.

Ijumaa jioni nikamuuliza mwenyewe, "Kesho mwalimu ataniambia nini?" Wazazi wenzangu, swali hilo ni bure na linafanya kazi. Akajibu bila kupepesa macho: "Atasema naongea sana. Halafu atasema mafumbo ya hesabu siandiki." Nikatia kaunta yake ya Hisabati kwenye mkoba.

Mwalimu wa darasa la nne ni kijana, nadhani hata thelathini hajafika. Alinyanyuka, "Shikamoo mama, karibu mzazi," kisha akavuta kiti cha tatu kwa ajili ya mtoto. Hapo nikampa nyota ya kwanza. Kwingine mtoto huambiwa akacheze nje wakati mambo yake yanajadiliwa, kisha anasimuliwa akiwa njiani kurudi nyumbani, tena kwa hasira.

Hakuanza na nafasi darasani. Alianza na anachokiweza: anasoma kwa sauti bila woga, anajua nani hajarudisha kitabu. Ndipo akafungua kaunta. Kurasa za kuzidisha na kugawanya zilijaa tiki nyekundu kutoka juu mpaka chini. Ukurasa wa mafumbo ulikuwa mweupe. Namba za maswali zimeandikwa vizuri, 1 mpaka 5, zimepigiwa na mstari, na mbele yake hakuna kitu. Akamsomea swali moja kwa Kiingereza kama lilivyo kitabuni. Binti akaangalia viatu vyake. Akamwambia lilelile kwa Kiswahili: mama ana machungwa 48, anawagawia watoto 6 sawasawa, kila mmoja atapata mangapi? "Manane," na mwalimu hajafunga mdomo.

"Umeona, mama? Hesabu anazo. Kinachomshinda ni kujua swali linataka nini."

Mimi nilikuwa nimeshazungumza na mtu wa tuisheni ya Hisabati aanze Jumatatu. Nilimpigia nikiwa bado kwenye korido, nikamwambia asije. Badala yake mwalimu aliandika kwenye dayari, kwa mkono wake: kila jioni ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti, na fumbo moja ambalo mtoto atalieleza kwanza kwa Kiswahili kabla ya kulifanya. Dada wa nyumbani anaweza kusikiliza hayo maelezo ya Kiswahili, haihitaji ajue Kiingereza. Ile karatasi niliyojaza alikuwa ameisoma! Na baada ya wiki mbili akatuma meseji kuuliza tunaendeleaje, jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

Sasa turubai, yaani mkutano wa wazazi wote uliofanyika chini yake kabla ya kuonana na walimu.

Meseji ilisema saa tatu kamili. Tulianza saa nne na robo, kwa spika inayokoroma. Akasimama mkurugenzi, akasimama mhasibu, akasimama mtu wa mabasi kueleza nauli mpya, akasimama mwenye masweta ya nembo, ambayo kwa bei ile, mimi fundi nawaambia, nakushonea mawili na chenji inabaki. Wakasomwa kumi bora wa kila darasa, wazazi wao wakapiga vigelegele, na sisi wengine tukatabasamu. Katika yote hayo lililonifaa ni moja. Mzazi aliuliza kuhusu mtaala mpya, mwalimu mkuu akaeleza kwa utulivu kwamba watoto wa rika la binti yangu, walioukuta wakiwa darasa la tatu mwaka 2024, watamalizia la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Wengi walikuwa hawajui. Lingeandikwa kwenye karatasi, tungekwenda nayo nyumbani.

Kutoka hapo ni foleni. Hakuna namba wala orodha. Anayekuja na "naomba nipite mara moja tu, nina msiba" anapita, na misiba siku hiyo ilikuwa mingi. Niliyekuwa naye jirani, baba mmoja, alikuwa ameishika ripoti kama barua ya mahakama: Hisabati 31. Jirani yake ana mtoto shule nyingine, kapata 78. Nikamwonyesha: hapa darasa la nne wanasahihisha kwa 50, kwa mtindo wa Baraza la Mitihani, ambako mtihani wa kumaliza la saba kila somo lina alama 50. Huko 31 ni B. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini ripoti yenyewe haisemi popote kwamba ni kati ya 50, na kuna watoto walichapwa usiku ule kwa ajili ya B.

Lililoniudhi kuliko yote ni meza ya mhasibu, waliyoiweka mlangoni mwa darasa. Huna risiti ya kumaliza ada, hupewi ripoti wala huingii. Mama mmoja aligeuzwa mbele yetu akiwa na mtoto wake mkononi. Ada ni haki yao, sibishi, mimi pia sipendi anayechukua gauni kwa ahadi. Lakini mtoto ambaye nyumbani kwao pesa imekata ndiye ambaye mwalimu anatakiwa kumsikia mzazi wake mapema. Ofisi ya mhasibu ipo, ina mlango na dirisha. Meza irudi huko.

Kaka wa binti yangu yuko shule ya serikali, ambako hatulipi ada. Kikao chao kinafanyika chini ya mwembe, kamati ya shule mbele, na mazungumzo ni uji, chakula cha mchana na madawati. Mwalimu wa darasa hawezi kumsikiliza kila mmoja siku hiyo kwa wingi wa watoto. Ila alitangaza kwamba yupo asubuhi kabla ya kengele, tukamfuate siku yoyote. Nilikwenda, nikapata nafasi ya kutosha, hakuna aliyeniuliza risiti. Mbinu hiyo shule ya binafsi ingeiiga bila kutumia hata shilingi.

Kwa jumla nawapa nyota tatu, na mbili na nusu kati ya hizo ni za yule kijana peke yake. Mnaokwenda kikao cha Novemba: bebeni daftari la somo linalowasumbua, muulizeni mwalimu awaonyeshe ukurasa ambapo mtoto anakwama, na msitoke bila kuandikiwa cha kufanya nyumbani. Turubai mnaweza kuliruka. Nendeni moja kwa moja mlango wa darasa saa tatu, mwalimu anakuwepo na hana foleni. Na kama hamjanywa chai, vitumbua vya yule mama wa getini huisha mapema sana.