Muhuri chini ya bakuli: simu au kitabu?
Bakuli la mtumba nililookota sokoni Karume lina muhuri wa kiwanda chini: simba mwenye kichwa cha mtu na neno Maastricht. Kuupiga picha na kuutafuta mtandaoni kwa simu kunakula bando tu, na muhuri unaosomeka hivyo simu inautambua papo hapo: kiwanda cha Petrus Regout, Uholanzi. Ukiwa umefifia, inakuletea bakuli lolote lenye maua yanayofanana. Hapo ndipo wengi tunapigwa.

Kitabu cha mihuri ni ghali, na kukipata Dar ni kazi. Ila kinakufundisha kusoma umri: alama ya usajili ya Uingereza yenye umbo la almasi ni ya 1842 hadi 1883; jina la nchi kwenye mihuri lilienea baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890. Tena hakiishiwi chaji.

La kulia wali? Simu yatosha. La kuuza? Kitabu, baada ya kusugua tope.