Vipimo vya kingamwili za korona kwa wagonjwa wa dialisisi: kadi ya haraka iwekwe kando

Vipimo vinavyouzwa kwa ajili ya kuangalia kama mwili umeitikia virusi vya korona ni vingi, lakini kwa mgonjwa anayesafishwa damu kinachofaa kuwa cha kawaida ni kile cha maabara kinachotoa namba ya kingamwili dhidi ya protini ya mwiba (S) iliyo juu ya kirusi, kikiambatana na kile cha protini ya nukleokapsidi (N) iliyo ndani yake. Kadi za haraka za tone la damu hazimfai mgonjwa huyu. Kipimo cha seli T, yaani chembe za kinga zinazomkumbuka adui, ni kizuri, ila kina watu wake.

Figo zikishashindwa, sumu zinazobaki kwenye damu huzidhoofisha seli za kinga. Seli T huzeeka kabla ya wakati, zile changa ambazo ndizo zinazopaswa kumkabili adui mgeni hupungua, na seli B, zinazozaa watengenezaji wa kingamwili, nazo hupungua. Wauguzi wa dialisisi wanalifahamu hili kupitia chanjo ya homa ya ini B: mgonjwa hupewa mikrogramu 40 kwa dozi badala ya 20, na bado hupimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho kuona kama amefikisha kiwango cha kingamwili cha 10 mIU/ml.

Kwa korona hali haikuwa mbaya kiasi hicho. Wengi wa walioambukizwa hutengeneza kingamwili, hasa walioumwa sana, na aliyeambukizwa kisha akachanjwa mara nyingi huwa na kiwango cha juu kuliko wote. Udhaifu unaonekana kwingine: baada ya dozi mbili kiwango huwa chini kuliko cha mtu mwenye figo nzima, na hushuka haraka. Hawa ni watu ambao katika wimbi la kwanza la 2020 barani Ulaya takriban 1 kati ya 5 walioambukizwa alifariki ndani ya siku 28. Kujua nani hakuitikia chanjo ni jambo zito.

Kadi ya haraka inajibu "ipo" au "haipo" tu. Tone la mikrolita 10 hadi 20, matone 2 au 3 ya bafa (kimiminika kinachosukuma damu kwenye kadi), dakika 10 hadi 15, basi. Ikisomwa baada ya dakika 20 mstari hafifu unaweza kujitokeza usio na maana yoyote. Ikitolewa kwenye jokofu na kutumiwa ikiwa bado baridi, maji hayapandi vizuri. Mstari wa C, unaothibitisha kuwa kadi imefanya kazi, usipotokea, kadi hiyo itupwe, hata kama mstari wa IgG (kingamwili za kudumu) umeng'aa. Hayo yanaweza kurekebishwa kwa umakini. Lisilorekebishika ni kwamba mwenye kingamwili kidogo sana na mwenye nyingi sana wanapata mstari uleule, wakati swali zima la mgonjwa wa dialisisi ni kiasi. Mstari wa IgM (kingamwili za mwanzo) ndio usioaminika kuliko yote, kwani kingamwili za baridi yabisi zinaweza kuuwasha bila korona kuhusika.

Vya maabara vinavyopatikana sana ni vya kampuni za Roche, Abbott na DiaSorin. Vyote ni imara, lakini namba zao hazilingani, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kizio rasmi cha pamoja cha kulinganishia namba ni BAU/ml, kilichotokana na sampuli rejea ya Shirika la Afya Duniani iliyoidhinishwa Desemba 2020. AU/ml za Abbott huzidishwa kwa 0.142, AU/ml za DiaSorin TrimericS kwa 2.6, na U/ml za Roche kwa 1.029. Kwa hiyo "500" iliyochapishwa kwenye karatasi ni BAU 71 ikitoka Abbott, takriban 515 ikitoka Roche, na 1,300 ikitoka DiaSorin. Mpaka wa kuitwa chanya nao ni tofauti: 50 AU/ml kwa Abbott, 0.8 U/ml kwa Roche, 13 AU/ml kwa DiaSorin. Hata baada ya kubadilisha, matokeo hayakutani sawasawa. Anayefuatiliwa abaki kwenye mashine ileile. Jibu la Roche likiandikwa ">250" maana yake sampuli haikuongezewa kimiminika na kurudiwa. Iombwe irudiwe, la sivyo kushuka kutoka 2,000 hadi 300 hakutaonekana kabisa.

Kipimo cha N ndicho kinachotenganisha ugonjwa na chanjo. Chanjo za Pfizer, Moderna, AstraZeneca na Johnson & Johnson hufundisha mwili protini ya mwiba peke yake, hivyo S chanya na N hasi humaanisha chanjo. Au maambukizi ya zamani ambayo N yake imeshafifia, na kwa wagonjwa hawa hilo si jambo geni. S na N zote chanya ni dalili ya maambukizi, isipokuwa kwa aliyechanjwa Sinopharm au Sinovac, ambazo zina kirusi kizima kilichouawa na kwa hiyo huamsha zote mbili. N chanya peke yake ni nadra. Inaweza kuwa maambukizi ya karibuni au jibu la uongo, na irudiwe baada ya wiki 2. Vipimo vya N vinavyokamata kingamwili za aina zote kwa mtindo wa kubana katikati ya antijeni mbili hudumu chanya muda mrefu kuliko vinavyotafuta IgG tu. Kitengo kikiwa na uhuru wa kuchagua, kichague hivyo.

Mashine nzuri haiokoi sampuli mbaya, na dialisisi ina njia zake za kuiharibu. Damu ichukuliwe mwanzoni, sindano zikishaingia kwenye fistula (mshipa ulioandaliwa kwa upasuaji), kabla ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kabla ya maji ya chumvi. Heparini ikiingia kwenye kichupa cha seramu damu haigandi yote. Nyuzi za fibrini hubaki zikielea, huziba sindano ya mashine na kutoa namba za ajabu. Kwa mwenye katheta (mrija wa kudumu kwenye mshipa), dawa iliyofungiwa ndani ivutwe kwanza na mililita 5 hadi 10 zitupwe. Kichupa kiachwe dakika 30 kigande vizuri ndipo kizungushwe.

Damu ya mwisho wa kipindi haifai. IgG ina uzito wa takriban daltoni 150,000, haipenyi kwenye kichujio. Maji yakitolewa lita 2 au 3, kingamwili zilezile zinajikuta kwenye plazma iliyopungua, na namba inapanda bila mwili kufanya kazi yoyote mpya. Anayesafishwa kwa njia ya tumbo ana tatizo la upande mwingine: kila siku protini hupotea kwenye maji yanayotolewa, IgG ikiwemo. Wa aina hizi mbili wasilinganishwe kwa namba moja.

Kuna pia vitamini. Biotini huondolewa na figo, kwa hiyo kwa mgonjwa huyu hujikusanya, na vipimo vinavyotumia biotini na streptavidini vinaweza kutoa jibu la chini kuliko ukweli. Karatasi ya maelezo ya kitendanishi (kemikali ya kipimo) huonyesha kiwango kinachovumilika, kisomwe. Aliyewekewa imunoglobulini (kingamwili za wachangiaji damu) kwa mshipa, plazma, au kingamwili za maabara kama Evusheld atakuwa S chanya kwa kingamwili zisizo zake.

Kipimo cha seli T, kama QuantiFERON SARS-CoV-2 au T-SPOT.COVID, kinajibu swali jingine: je, kumbukumbu ipo hata kama kingamwili hazionekani? Kinafaa kwa aliye S hasi baada ya dozi kadhaa, hasa mwenye figo ya kupandikizwa iliyofeli lakini bado anameza mikofenoleti au takrolimasi, au aliyepewa rituksimabu, zote dawa za kushusha kinga. QuantiFERON inataka mililita 1 kwa kila kichupa, kisha saa 16 hadi 24 kwenye nyuzi 37. Adui wake ni kichupa cha mitojeni, kichocheo cha kuhakiki kama seli zinaitikia: seli za mgonjwa zikiwa dhaifu au chache hazitikisiki hata na kichocheo hicho kikali, na jibu huja "haliwezi kusomwa". T-SPOT huhesabu seli kwanza na kuweka idadi sawa kila kishimo, ndiyo maana inavumilia zaidi damu yenye limfosaiti (chembe za kinga kama seli T) chache. Inataka, hata hivyo, maabara yenye mikono iliyozoea.

Hakuna kati ya hivi kinachotoa namba ya usalama. Vitendanishi vingi vilitengenezwa kwa mwiba wa kirusi cha mwanzo, na Omicron, iliyotokea mwishoni mwa 2021, hukwepa sehemu kubwa ya kingamwili hizo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishasema Mei 2021 kwamba vipimo hivi visitumiwe kupima kinga ya mtu baada ya chanjo. Kwa hiyo BAU 2,000 isimvue mtu barakoa, isiahirishe dozi inayofuata, na isichukue nafasi ya PCR, inayotafuta kirusi chenyewe, kwa mwenye kikohozi.

Matumizi yenye tija ni machache. Pima S na N kabla ya dozi, rudia S wiki 4 baadaye, kisha kila miezi 3 pamoja na damu nyingine za kawaida, ili asichomwe mara nyingine kwa ajili ya kutolewa damu tu. Aliyebaki hasi apitiwe orodha ya dawa zake kwanza. Mikofenoleti isisimamishwe bila daktari wa upandikizaji. Kwenye fomu ya maabara yaandikwe mambo manne: aina na tarehe ya chanjo ya mwisho, damu imetoka kabla au baada ya kusafishwa, dawa za kushusha kinga, na jina la mashine iliyotumika mara iliyopita.