Spidiwei: mkataba wa Uingereza au wa Poland?

Spidiwei ni mbio za pikipiki kwenye njia ya mviringo ya changarawe, na mpanda hujiuliza asaini na klabu ya nchi ipi. Kwa malipo, Poland inashinda wazi: wadhamini wapo, na viwanja kama vya Toruń na Wrocław hujaa. Uingereza, viwanja vyenyewe vinapotea. Klabu ya Coventry waliondoka uwanja wao wa Brandon mwaka 2016. Wolverhampton na Peterborough wakapoteza vyao 2023. Inauma.

Kwa kujifunza, naipa Uingereza. Njia nyingi ni fupi, kona ni kali, kila moja na umbo lake. Pikipiki haina breki, hivyo kona unaiingia kwa kuteleza, buti lenye chuma la mguu wa kushoto likiburuza changarawe. Hapo ndipo mkono wa gesi unapokomaa.

Ratiba ndiyo kiini cha ugomvi. Poland hukimbia Ijumaa na Jumapili, Sweden Jumanne, Uingereza Jumatatu na Alhamisi. Ukichukua zote, unahitaji pikipiki na fundi kila nchi, na ukivunjika mfupa kwingine, klabu ya Uingereza ndiyo inayohangaika kuazima mpanda mwingine.

Kijana anayetafuta mbio nyingi aanzie Uingereza. Mwenye familia na jina tayari, Poland pekee inaweza kumtosha.