Asali ya Vijana wa Nyuma ya Stesheni, Tabora: Tathmini ya Mnunuzi

Kwa miaka mingi nimenunua asali mjini Tabora kwa njia ambayo kila mwenyeji anaifahamu: dumu kutoka kwa mtu unayemwamini, aliyeipata kwa mrina asali wa Sikonge au Urambo, bila kibandiko wala risiti. Mwezi uliopita niliiacha desturi hiyo, nikaingia katika duka dogo linaloendeshwa na vijana wanne nyuma ya stesheni ya reli. Nilikuwa na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita, kijana ambaye ukimtajia kilimo huona jembe la mkono na bani la kukaushia tumbaku, kisha hunyamaza.

Nilichukua chupa mbili za nusu kilo, kila moja shilingi 8,000. Ukitaka kuilinganisha bei hiyo na ya dumu, kumbuka kwamba wao wanapima kwa kilo, na kwamba lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4; anayelinganisha bei ya lita na ya kilo bila kulijua hilo anajipunja mwenyewe.

Kabla hatujalipa, binti aliyekuwa kaunta alimwuliza mpwa wangu, "Kaka, umewahi kuona maji ya asali yakipimwa?" Alidondosha tone moja juu ya kioo cha kifaa kinachofanana na darubini ndogo, akalifunika, akakielekeza kifaa dirishani na kumpa aangalie. Mpaka kati ya rangi ya bluu na nyeupe ulikuwa umesimama kwenye 18. Alieleza kwamba viwango vinataka maji yasizidi asilimia 20, kwa kuwa asali yenye maji mengi huchacha, na kwamba ndoo iliyovuka kiwango hicho huirudisha hata kama aliyeileta ni baba yake mdogo. Binti huyo amesomea maabara ya chakula. Hajawahi kupanda mti kutundika mzinga, na amedungwa na nyuki mara moja tu, siku waliyoacha dirisha wazi wakati wa kuchuja.

Asali yenyewe ni nzuri. Rangi yake ni ya dhahabu iliyokolea, nzito kijikoni, na inanukia maua ya miombo badala ya moshi. Ile ya dumu niliyoizoea hunukia moshi kwa sababu warinaji wengi bado hutumia mwenge wa moto, ambao huunguza masega na kuua nyuki. Hapa dukani, kijana mmoja aliyejifunza ushonaji hushona mavazi ya kurinia, yenye wavu usoni na lastiki vifundoni, na kuwakopesha warinaji ambao hulipa kwa asali msimu ukifika. Nilimkuta akifumua mshono wa mkono mmoja kwa sababu, alivyosema, nyuki huingia panapopita sindano mara mbili. Wenzake wawili wanashughulikia nta na hesabu pamoja na usafirishaji.

Nina manung'uniko mawili. La kwanza ni kibandiko kilichoandikwa kwamba asali halisi haigandi. Si kweli: asali safi huganda kutegemea maua iliyotokana nayo na baridi ya mahali, na ikiganda inatosha kuiweka chupa katika maji ya uvuguvugu, si kuichemsha, kwa maana moto mkali huharibu harufu. Nilipomweleza binti, alicheka: "Mzee wangu, najua, lakini wateja wa Dar wakiiona imeganda wanairudisha, wanasema tumetia sukari." Ninaielewa hofu hiyo, lakini mtu anayeweza kusoma 18 kwenye kioo hapaswi kuuza kwa kuwabembeleza wasiojua. La pili ni mfuniko. Chupa niliyomtumia dada yangu Dodoma kwa basi ilifika nusu, na kanga niliyoiweka pamoja nayo ikiwa imegandamana. Walinipa chupa nyingine bila ubishi, ila nauli ya mzigo ilibaki juu yangu.

Mimi mwenyewe nimemhubiria mpwa wangu kuhusu kilimo mara nyingi, nikamtajia hata asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana, naye akaitikia kwa adabu tu. Siku ile hakuna aliyemhubiria. Njiani aliniuliza bei ya kile kifaa, kisha akaniuliza kama kemia yake ya kidato cha sita ingemfaa. Chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa hapa Tabora, naye amekulia mji huu bila kuwahi kuulizia kinachofundishwa humo. Kesho yake alikwenda kuulizia.

Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa magharibi, isipokuwa Jumapili. Anayetaka masega aende Jumatatu, kwa kuwa ikifika Jumatano huwa yamekwisha, na anayesafirisha achukue utepe wa gundi aufunge mfuniko mwenyewe.