Tahadhari ya mapema au ruzuku ndogo? Njia mbili za Georgia State
Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, Marekani, kinatumia takwimu kwa njia mbili ambazo wapanga mipango wa vyuo hupenda kuziiga.

Ya kwanza, ya mwaka 2012, ni mfumo wa tahadhari. Kompyuta hupitia rekodi za wanafunzi kila siku ikitafuta dalili zaidi ya 800 za hatari. Mtu akijiandikisha somo lisilohitajika kwenye shahada yake, au akipata alama hafifu katika somo la msingi, mshauri wa masomo anaarifiwa. Ila tahadhari isiyo na mtu wa kuifanyia kazi ni kelele tu, ndiyo maana chuo kiliajiri washauri wengi wapya. Hapo mpango wa taaluma hukutana na bajeti. Vyuo vingine hununua programu vikasahau mishahara.

Ya pili, ruzuku ya 2011, haina mbwembwe: anayekaribia kuhitimu huku akidaiwa ada kidogo hulipiwa, hadi dola 2,500, asifutiwe usajili.

Kwa chuo chenye washauri wachache ningeanza na hii. Rekodi za madeni anazo mhasibu, za alama anazo msajili. Kilichobaki ni kuwakalisha meza moja.